Sehemu ya 9: Ukoga, meno ya mwanangu na ile poda ya arginini



Nilipanga leo tuendelee na homa za usiku. Lakini tangu Jumapili nimepata meseji nne zenye picha ya kopo moja, poda nyeupe, imeandikwa arginini. Mmoja wenu ameuziwa elfu arobaini na tano, akaambiwa amchanganyie mtoto kwenye maji ampake menoni, "inavunja ukoga wote, hata mswaki hautahitaji." Ananiuliza, "Sista, nimpake mara ngapi?"

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja tu: usimpake. Ila naona si haki, kwa sababu hiyo arginini si uongo mtupu. Ndani yake kuna jambo la kweli kabisa, na mimi mwenyewe nilishawahi kusimama jikoni saa saba usiku na kijiko cha hiyo kitu mkononi. Kwa hiyo leo nawasimulia yote. Ni ndefu, mvumilie.

Wengi hamjui kwamba mwanangu wa kwanza hana meno manne ya mbele juu. Picha zake huwa naweka akiwa amefunga mdomo. Sio bahati mbaya, nachagua.

Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi kumi niliona mstari mweupe juu ya meno yake, pale jino linapokutana na fizi. Mweupe wa chokaa, hauna mng'ao. Nikadhani ni mabaki ya maziwa. Nikachukua kitambaa nikasugua, haukutoka. Nikasema kesho nitasugua vizuri. Wakati huo nilikuwa nimepangiwa zamu za usiku mfululizo, nikirudi asubuhi nalala, nikiamka napika, naondoka tena. Mtoto alikuwa ameshaacha ziwa na maziwa matupu alikuwa anayakataa, hivyo alikuwa analala na chupa ya chai ya maziwa. Na naomba hapa niseme ukweli maana ndugu zangu wengi walimlaumu dada wa kazi: sukari niliagiza mimi. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Akilia usiku mpe chupa, weka sukari kidogo atanyamaza." Kweli alinyamaza.

Akiwa na miaka miwili na nusu ule mstari ulikuwa umegeuka kahawia. Siku moja anakula ndizi mbivu, sikiliza vizuri, ndizi mbivu, kipande cha jino kikabaki kwenye ndizi.

Daktari wa meno alinyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akaangalia, kisha akaniangalia mimi na sare yangu. Akasema, "Sista, wewe si muuguzi?" Hakusema kwa ubaya. Lakini lile swali nililibeba muda mrefu kuliko mwanangu alivyobeba maumivu ya sindano ya ganzi. Mimi ndiye niliyemshika mikono. Nimeshika watoto wa watu mamia wakati wa kutafuta mshipa, najua kushika. Siku ile mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Ile kitu iliyokula meno ya mwanangu nilikuwa naijua. Naiona kazini kila wiki.

Mgonjwa akikaa na mpira wa mkojo muda mrefu, siku ukiutoa, ukiukata ukapitisha kidole ndani, utakuta unateleza. Kuna utando. Huo utando si uchafu tu, ni bakteria waliojishika kwenye plastiki na kujijengea nyumba kwa ute wanaoutengeneza wenyewe, sukari sukari na protini, mpaka wamejifunika. Mgonjwa anapewa antibayotiki, homa inashuka siku mbili, inarudi. Dawa ile ile ingewaua hao bakteria wakiwa wanaelea peke yao, lakini wakiwa ndani ya utando inawafikia kwa shida, na wengine huko chini wamelala tu, hawakui, na dawa nyingi zinapiga bakteria anayekua. Ndiyo maana daktari anaagiza mpira utolewe kabisa, sio dawa ibadilishwe tu. Hayo nimeyafanya miaka yote. Ila sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba ukoga ninaousikia kwa ulimi asubuhi nikiamka, ule ulaini unaoteleza juu ya meno, ni kitu hicho hicho. Nyumba ya bakteria. Mpira wa plastiki niliujali, mdomo wa mwanangu sikuujali.

Sasa ukoga unafanyaje kazi ya kutoboa jino? Kuna bakteria anaitwa Streptococcus mutans, huyu ndiye maarufu, ingawa hayuko peke yake. Ukimpa sukari ya mezani anafanya mambo mawili. Sehemu anaigeuza kuwa gundi ya kunatia nyumba kwenye jino. Sehemu anaila, akishakula anatoa asidi. Asidi inabaki humo humo chini ya utando, imebanana na jino, mate hayaifikii kwa haraka. Ikishuka chini ya pH 5.5 hivi, lile gamba gumu la nje la jino linaanza kuyeyuka, madini yanatoka. Ule mstari mweupe wa chokaa ndio huo. Jino limeanza kupoteza madini lakini bado halijatoboka. Na hapo, mama zangu, bado linaweza kurudi. Hapo ndipo nilipokuwa na kitambaa changu nikisema kesho.

Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu mate yanapungua sana tukilala. Mate ndiyo yanayosuuza asidi. Mtoto aliyelala na chupa ya chai mdomoni ana sukari, ana utando, na hana mate ya kutosha. Saa nane mfululizo.

Haya, arginini inaingia wapi.

Arginini ni asidi amino, yaani moja ya yale matofali madogo yanayojenga protini. Sio kemikali ya ajabu, mwili wenyewe unaitengeneza, na iko kwenye karanga, ufuta, mbegu za maboga, samaki, kuku, maharage. Hata kwenye mate yako sasa hivi ipo kidogo sana.

Ndani ya ule ukoga hakuna maadui peke yao. Kuna wapangaji wengine wastaarabu kiasi, mfano Streptococcus sanguinis na Streptococcus gordonii. Hawa wanaweza kula arginini, na wakishaila wanatoa amonia. Amonia mnaijua, ndiyo harufu inayokupiga ukifungua nepi iliyolala na mkojo mpaka asubuhi. Kwenye jino hiyo harufu huisikii, ni kidogo mno, lakini kazi yake ni kutuliza asidi. Kwa hiyo yule anatengeneza asidi, huyu anaizima. Ukiwapa chakula hawa wa pili wanapata nguvu, na yule anayependa asidi anakosa mazingira yake. Profesa mmoja wa Marekani, Israel Kleinberg wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, alitumia miongo ya maisha yake kwenye jambo hili, na kazi yake ni sehemu ya msingi wa dawa za mswaki zenye arginini.

Mimi hapo nilisimama nikafikiri. Sisi hospitali tumefundishwa kuua. Spiriti, klorini, antibayotiki, ua. Hapa mtu anasema usiue, lisha yule anayekusaidia.

Halafu kuna la pili, ambalo ndilo muuza poda amelisikia nusu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walikuza ukoga maabara kwenye mate ya binadamu, wakaupitishia arginini ya kipimo kikubwa, kikubwa mno kuliko kilichomo kwenye mate ya mtu. Utando ulilegea, ukapungua unene. Na walipoleta dawa ya kuua vijidudu ambayo huwa inawekwa kwenye maji ya kusukutua, iliua zaidi kuliko pale ilipotumika yenyewe. Nyumba ikilegea, dawa inaingia. Kwa mtu anayeona mipira ya mkojo kila wiki, hiyo si habari ndogo.

Mwaka 2025 wenzao wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitoka maabara wakaenda kwenye midomo ya watu. Watu 12 wenye meno yanayooza waliwekewa kifaa mdomoni chenye sehemu za kuoteshea ukoga kulia na kushoto. Mara tatu kwa siku, kwa siku nne, ukoga ule ulichovywa kwenye maji ya sukari dakika 5, kisha upande mmoja dakika 30 kwenye maji ya arginini na upande mwingine kwenye maji matupu. Mdomo mmoja, pande mbili. Upande wa arginini asidi ilikuwa ndogo baada ya sukari, na hata ule ute wa nyumba yao ulikuwa umebadilika mpangilio, aina fulani za sukari za ute zimepungua. Kwa hiyo si hadithi. Ila angalieni: dakika 30, mara tatu, na ni watu 12.

Na watoto? Thailand watoto wa shule 6,000 walifuatiliwa miaka miwili. Wengine walipewa dawa ya mswaki ya floraidi kama tunayonunua, wengine ya floraidi ile ile ikiongezewa arginini asilimia 1.5 na madini ya kalsiamu. Hawa wa arginini walitoboka meno pungufu kwa karibu moja ya tano. Watengenezaji wa dawa walihusika kwenye utafiti, kwa hiyo nausoma kwa tahadhari, lakini moja ya tano kwa watoto 6,000 ni watoto wengi.

Sasa rudini nyuma msome tena hiyo aya. Wote walikuwa na floraidi. Wote walipiga mswaki. Hakuna aliyepakwa poda ya kopo. Na walikuwa watoto wa shule, sio wa miaka miwili.

Mimi sikusoma kwa makini hivyo mara ya kwanza. Wiki ile mwanangu alipong'olewa nilikuwa silali. Nashika simu usiku kucha natafuta kitu cha kuokoa meno yaliyobaki. Nikakutana na arginini. Kesho yake nikaenda kwa muuza vitu vya wanaume wa jimu, maana huko ndiko inauzwa, wanaitumia kwa misuli na mambo mengine ya ndani ambayo leo hatuyaongelei. Nikanunua kopo la vidonge vya kufungua. Saa saba usiku nikafungua kimoja nikamwaga kwenye kijiko. Nikaonja, chungu. Nikaweka matone ya maji. Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, mdomo bado umevimba.

Kilichonizuia si hekima, ni mazoea ya kazi. Mkono wangu ulikuwa unasubiri namba. Wodini simpi mtoto hata panado bila kujua ana kilo ngapi, miligramu ngapi kwa kilo, kila baada ya saa ngapi. Nikajiuliza: kilo kumi na mbili, ngapi kwa kilo? Hakuna aliyewahi kuniandikia. Kopo lenyewe limeandikwa kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili hajui kutema, chochote unachopaka menoni anameza. Na poda ya jimu sio dawa ya mswaki, hujui imechanganywa na nini.

Na msiseme "ni asidi amino tu, iko kwenye karanga." Mwaka 2006 huko Marekani utafiti mmoja wa wagonjwa waliotoka kupata shambulio la moyo ulisitishwa kwa sababu watu 6 waliokuwa wanapewa arginini walifariki, na upande wa pili hakufariki hata mmoja. Hao walikuwa wagonjwa wa moyo, watu wazima, siwatishi kwamba itamfanyia hivyo mtoto wako. Nasema tu kwamba kitu kikitoka kwenye chakula kikaingia kwenye kopo, kimekuwa dawa, na dawa ina kipimo.

Kuhusu karanga zenyewe, kuna aliyeuliza kama akimpa mtoto karanga inatosha. Arginini ya karanga imefungwa ndani ya protini, inafunguliwa zaidi tumboni kuliko mdomoni, na karanga haikai menoni nusu saa. Kula karanga kwa sababu ni chakula kizuri. Na mtoto mdogo usimpe nzima, itamkaba, msagie.

Nilimwaga kile kijiko kwenye sinki. Asubuhi nikamrudia yule yule daktari, nikiwa nimevaa dera tu bila sare. Akaniambia meno ya nyuma yana madoa meupe lakini hayajatoboka. Akayapaka floraidi ya kipimo cha kliniki, akanipangia tarehe za kurudi. Nyumbani akaniambia mambo ambayo hayana jina la kuvutia hata moja: chupa ya usiku iishe, kama anataka kunywa awe na maji. Mswaki mara mbili, wa usiku ndio mkubwa, baada yake hakuna kitu ila maji. Dawa ya mswaki yenye floraidi, ukisoma nyuma ya boksi utafute namba kati ya 1000 na 1500 ikifuatiwa na herufi ppm. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, sio ule mnyororo mrefu wa kwenye tangazo. Miaka mitatu mpaka sita punje ya njegere. Asukutue na maji mengi? Hapana, ateme tu, inayobaki ifanye kazi.

Chupa ya usiku ilituchukua siku tano kuiacha. Siku ya pili majirani walidhani tunampiga. Baba watoto alitaka kukata tamaa, mimi nikiwa kazini akanipigia simu, "Nimpe tu leo?" Nikasikia mtoto analia nyuma. Nikamwambia hapana, kisha nikaingia chooni nikalia na mimi.

Mama wa Arusha na wa Meru najua mtaniandikia kuhusu floraidi, maana maji ya huko mengine yanayo nyingi mpaka meno yanakuwa ya kahawia. Swali lenu ni la haki. Msijiamulie wenyewe kuacha au kuongeza, muulizeni daktari wa meno wa huko huko, anayejua maji ya eneo lenu. Na kumbukeni ule ukahawia wa maji si sawa na kuoza.

Mnaonyonyesha usiku, sijawasema. Ziwa lako si chai ya sukari. Ila meno yakishatoka yasafishwe kabla ya kulala, hata kama ni mawili.

Na dawa ya mswaki yenye arginini ukiiona dukani, je? Kama imesajiliwa, ina floraidi ya kiwango nilichotaja, mtoto ni mkubwa anajua kutema, na bei haikuumizi, sina neno. Nikiipata mimi nitanunua ya mtoto mkubwa. Kama bei inakuumiza, ile ya kawaida ya floraidi na mkono wako wa usiku vinatosha kabisa. Kopo la elfu arobaini na tano lirudishe kama muuzaji atakubali.

Kitu kimoja fanyeni leo kabla hamjalala. Mlaze mtoto kichwa mapajani kwako, nyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, mulika na tochi ya simu. Angalia pale jino linapoingia kwenye fizi. Kama kuna mstari mweupe usiotoka kwa kitambaa, usisugue ukasema kesho. Nenda naye kwa daktari wa meno wiki hii.

Kwetu sasa kuna binti wa miezi kumi na minne, ana meno sita. Kila usiku ni vita, anarusha miguu, anang'ata mswaki. Kaka yake ndiye mshika tochi. Anasimama kichwani kwake anamwambia, "Fungua, themaa aaa," maana s bado inampita kwenye lile pengo. Yeye ana miaka mitano na nusu. Daktari alituambia meno ya kudumu ya mbele juu hutoka kwenye miaka saba hivi, kwa hiyo bado kitambo, lakini kila Jumamosi anapanda kiti mbele ya kioo, ananyanyua mdomo mwenyewe na kuniita nije niangalie kama limechungulia.

Sehemu ya 10 ni Alhamisi nikitoka zamu. Tutaongelea meno ya plastiki, kwa sababu jana ameletwa wodini mtoto mwingine aliyechokonolewa fizi. Wenye maswali wekeni hapa chini, inboksi imejaa.